Shati la Mfalme Lililofungwa Shingo

Nyawira alichoka zamani, kabla hata hajazeeka. Watu wa Kamakwa wakimwona asubuhi amekaa kibarazani na nyuzi za mkonge mapajani, husema, tazama mama yule, miaka sitini na sita na mikono bado inacheza. Hawajui kitu. Mikono inacheza kwa mazoea tu, kama mlevi anavyofika kwake bila kuuliza njia. Mwenyewe hayupo hapo. Ungemuuliza siku yoyote ya miaka hii arobaini na saba anataka nini, angekwambia anataka kupumzika, na si pumziko la kitandani.

Ukiyatazama maisha yake kwa nje ni ya mtu aliyebarikiwa. Alizaliwa upande wa Kiganjo, wa tatu kati ya watoto tisa, na nyanya yake alimfundisha kusokota uzi kabla hajajua kuandika jina lake. Aliolewa na Wamae, fundi wa mabomba, mtu mpole aliyekuwa akiomba radhi hata akikanyagwa yeye. Wakapata watoto wanne, wakajenga, na Wamae akafa taratibu vilevile alivyoishi. Viondo vya Nyawira, vikapu vya mkonge wa kusokotwa, vimefika nchi ambazo yeye hawezi kuzitamka. Kikundi cha wafumaji kimemweka mwenyekiti miaka ishirini na miwili, na kila akitaka kung'atuka wanampigia makofi mpaka anakaa tena. Bintiye wa kwanza, Shiku, ni mwalimu wa sekondari mjini Nyeri. Watu humwita Mama Shiku, na wakilitaja jina hilo hushusha sauti kidogo, maana ndivyo mtu mzima anavyoheshimiwa.

Heshima hiyo ndiyo iliyomchosha. Alijua ilianzia wapi, nayo ilianzia kwenye sinema.

Mwaka wa sabini na saba walikuja Waingereza na malori kumi na moja, wakapiga kambi Kabaru, chini ya mlima, ili watengeneze sinema ya kuchekesha. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mfalme wa kale wa Uingereza anaondoka na jeshi lake kwenda vitani Yerusalemu. Anakataa kuuliza njia, kwa kuwa mfalme haulizi njia. Anapotea, anazidi kwenda kusini, mpaka siku moja anauona mlima wenye theluji, anaruka kwa furaha, anachomeka bendera ardhini na kutangaza kwamba amerudi kwao. Watu wa Kabaru walipoelezwa hadithi hiyo hawakuona kichekesho kiko wapi. Waingereza waliopotea wakafika Kirinyaga, mlima wao huo, na kudhani ni kwao, waliwahi kuwaona enzi za ukoloni, na safari ile hakuna aliyecheka.

Lakini kazi ni kazi. Wanaume walijenga ngome ya mbao nyembamba iliyopakwa rangi ya mawe, na upepo wa Agosti ukaibeba mara mbili. Farasi walioletwa walikataa kupanda mlima katika baridi ile, basi jeshi la mfalme likapanda punda wa Karatina waliofungwa matandiko marefu ili masikio tu yaonekane, na masikio yenyewe yalikuwa ndiyo tatizo. Halafu kukawa na suala la deraya, yale mashati ya pete za chuma waliyovaa askari wa zamani. Ya chuma hasa yangekuwa mazito, na wachezaji wengi walikuwa wazee wenye matumbo. Mama wa mavazi, Mwingereza mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuwa sokoni siku moja akitafuta ndizi alipomwona mwanamke amebeba kiondo. Akakishika, akakigeuza, akakivuta. Alifikiri kwamba kazi hiyo ya mkonge, ikifumwa kwa kubana na kupakwa rangi ya fedha, kwa mbali kamera haitajua tofauti.

Ndivyo wanawake thelathini wa Nyeri walivyogeuka wahunzi wa mfalme wa Uingereza. Mkubwa wao alikuwa Mama Gathogo, mwanamke wa kanisa, mwenye sauti ya kengele na huruma ya kengele pia. Nyawira alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyelala naye kitanda kimoja kule kambini alikuwa Kagure, rafiki yake tangu darasa la kwanza.

Kagure alikuwa na mkono. Wafumaji wanaelewa neno hilo bila kuelezwa. Wengine wote walijifunza, Kagure alikuwa nao tu. Nyawira alimpenda na kumwonea wivu kwa wakati mmoja, kama watu wanavyofanya siku zote, na hakuona haja ya kuchagua. Kwa hiyo mama wa mavazi alipotaka mashati mawili makubwa ya mfalme mwenyewe, moja la kuvaa na moja la akiba, Kagure alipewa moja, na Nyawira, kwa kuwa alikuwa karibu, akapewa la pili.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea, maana ni kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote duniani isipokuwa mwanamke aliyelelewa na kiondo. Kiondo huanzia kitakoni. Unafunga nyuzi zako katikati, unazunguka, unazunguka, unapata kitako kilichofungwa, ndipo unapanda na ubavu. Shati la deraya lilitakiwa kuanza na duara lililo wazi, ambalo ndilo shingo, halafu ushuke mabegani ukiacha nafasi za mikono. Wanawake wote walifundishwa hivyo siku ya kwanza na wote walielewa. Lakini siku ya tatu bila kulala vizuri, kukiwa na baridi na maneno ya hapa na pale ya kuwachekesha, mikono ya Nyawira ilianza ilivyozoea tangu utotoni. Ilifunga katikati. Mabega yakatoka sawasawa, nafasi za mikono zikatoka sawasawa, upindo ukapendeza, na hakutazama tena alikoanzia. Shati likapakwa rangi, likaanikwa kwenye kamba.

Kila mfumaji alifunga uzi wake wa rangi kwenye upindo wa kazi yake, ijulikane ni ya nani. Wa Nyawira ulikuwa mwekundu, wa Kagure wa bluu.

Mlima ulikuwa umejificha siku kumi na moja. Kampuni nzima ilikaa kambini ikinywa chai na kutukana mawingu. Asubuhi ya kumi na mbili mlima ukajitokeza mzima, mweupe, na watu wakaanza kukimbizana, mwelekezaji akipiga kelele kwamba wana nusu saa. Nyawira alitumwa kwenye kamba kuleta mashati ya mfalme. Alipolinyanyua la kwake ndipo alipoona hakuna shingo. Palikuwa na kitako kizuri kabisa mahali pa shingo.

Angeweza kusema. Alikuwa na muda wa kusema maneno matatu. Badala yake alitumia muda huo kufungua mafundo mawili. Uzi mwekundu akaufunga kwenye shati la Kagure, ule wa bluu akaufunga kwenye lake. Hakukusudia lolote kubwa. Alitaka tu Mama Gathogo asimpigie kelele yeye. Uovu mwingi duniani hauna sababu kubwa kuliko hiyo.

Mfalme, mzee mnene mwenye pua nyekundu, alichukua lililo juu. Kamera zilikuwa tayari zinazunguka. Wanawake walikuwa wamezuiwa mbali nyuma ya kamba na hawakuona vizuri. Waliona mikono ikitoka na kichwa kikibaki ndani. Waliona mzee akitembea kipofu huku na huku, na punda mmoja akikimbia. Halafu wingu likashuka, mlima ukapotea, na mama wa mavazi akaja ameyashika mashati mawili, uso umewiva, akipiga kelele ambazo hazikuhitaji mkalimani.

Mama Gathogo alitazama uzi wa lile lililofungwa. Ulikuwa wa bluu.

Kagure alikana. Alisema lake ndilo lile zima, akaligeuza akitafuta mkono wake mwenyewe, lakini rangi ya fedha ilikuwa imeganda juu ya kila fundo na mashati mawili yalifanana kama mapacha. Akamtazama Nyawira. Nyawira akatazama chini. Kabla ya saa sita Kagure alikuwa ameondolewa kambini na kisanduku chake cha nguo. Jioni hiyo hadithi ilikuwa imefika Kiganjo kabla yake. Kwa miaka mingi mtoto akivaa nguo vibaya pale kijijini aliambiwa, wewe umeshonewa na Kagure? Mwaka uliofuata aliolewa Kagio, mbali kidogo, kwa mkulima wa nyanya ambaye hakujua chochote kuhusu viondo, na labda ndiyo sababu alimkubali. Hakushika uzi tena.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua Nyawira. Yake ilimpeleka mpaka kiti cha mwenyekiti. Nafasi ya Kagure kambini alipewa yeye, mama wa mavazi akamjulisha kwa watu wa kununua viondo, na mengine yakafuatana. Alikutana na Kagure mara nne au tano katika miaka yote hiyo, kwenye mazishi. Wakapeana mikono, wakaulizana watoto. Kila mara Nyawira alirudi nyumbani akalala mchana.

Sinema yenyewe hakuna mtu wa Nyeri aliyeiona. Ilikwenda kwao Uingereza, na hapa watu wakabaki na mbao za ngome, wakajengea mabanda ya kuku.

Ndipo mwezi wa pili mwaka huu alipofika Ben.

Ben alikuwa mfanyakazi wa posta huko kwao Uingereza mpaka alipostaafu, na maisha yake yote alikuwa ameipenda sinema moja, hiyo ya mfalme aliyepotea. Anaijua neno kwa neno. Alikuwa anakusanya yale yasiyojulikana ya nyuma ya kamera, aandike kitabu na kutengeneza filamu fupi ya kumbukumbu, na alikuwa na daftari nene lenye maswali. Je, ni kweli masikio ya punda yalibandikwa? Je, ngome iliruka mara mbili au tatu? Alizungumza Kiswahili cha kujifunza vitabuni, kilichonyooka mpaka kinauma, na pale kilipomwishia Shiku alimsaidia. Kikundi kizima kilikusanyika kibarazani kwa Nyawira kumwona.

"Sasa, akina mama," Ben alisema, akatoa kompyuta bapa, "jambo lililonileta hasa ni hili."

Akawaonyesha. Mara ya kwanza katika maisha yake Nyawira akaona kilichotokea asubuhi ile, kwa karibu. Mfalme anaingiza kichwa, mikono inatoka, kichwa hakitoki. Jeshi linasubiri. Mfalme, kwa kuwa hawezi kukubali kwamba kuna kasoro, anaanza kutoa amri akiwa ndani ya shati. Anaonyesha kidole kule anakodhani ndiko kwenye adui, na jeshi lake lote, kwa utii, linageuka na kuvamia hema la jikoni. Nyuma yao mlima unang'aa bila kujali. Kinamama wakacheka mpaka mmoja akaomba maji.

Ben alieleza kwamba kwao hicho ndicho kipande kipendwacho kuliko vyote. Watu wana fulana zake. Miaka yote iliaminika ni ubunifu wa mwelekezaji. Lakini mwelekezaji alipofariki, familia ilikuta shajara yake, na humo ameandika kwamba lilikuwa kosa la mfumaji mmoja, kwamba mzee yule alianza kuigiza papo hapo na yeye akaacha kamera ziendelee, kwamba sinema ilikuwa inakufa na shati lile liliiokoa. Mwisho aliandika: Mungu ambariki mwanamke huyo, sikupata jina lake.

"Nimekuja kutafuta jina," Ben alisema.

"Ni Kagure!" wakasema wanawake watatu pamoja, kwa furaha, kana kwamba hawakuwahi kulitamka jina hilo kwa namna nyingine. "Ako Kagio. Ako hai kabisa!"

Shiku akamgeukia mamake. "Si huyo ni rafiki yako, mathe? Utatupeleka?"

Nyawira alisema atawapeleka. Kisha akaingia ndani akakaa kwenye kitanda.

Hapo ndipo msomaji anielewe, maana mwenyewe ilimchukua siku tatu kuelewa. Siku zote alijiambia ipo siku atasema. Alingojea Mama Gathogo afe, akafa. Alingojea watoto wakue, wakakua. Aliuona ukweli kama mzigo uliowekwa pembeni ya njia, atauchukua akirudi. Kumbe wakati anangoja, kosa lilikuwa linageuka huko Ulaya bila yeye kujua. Lilipokuwa aibu alimwachia Kagure. Sasa limekuwa heshima, na akisema leo, "ni mimi," atakuwa amemwibia mara ya pili. Asiposema, atakuwa amemdanganya mara ya pili. Alijaribu kutafuta njia ya tatu. Alikuwa amechoka mno kuipata.

Siku moja kabla ya Ben kwenda na kamera zake, Nyawira alikwenda Kagio peke yake.

Kagure alikuwa nyuma ya nyumba yake akipanga nyanya kwenye kreti, kubwa chini, nzuri juu, kama wafanyavyo wote. Alikuwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Aliinua macho akamwona mgeni wake.

"Mama Shiku! Ati umetoka Nyeri kuja kununua nyanya? Huko imeisha?"

"Nimekuja kukuona, Mama Muriithi," Nyawira akasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Basi kaa. Kama hakuna mtu amekufa, kuna nini?"

Nyawira akakaa kwenye kreti iliyopinduliwa. Alikuwa ameandaa maneno njiani, tangu Sagana, na yote yakamtoroka. Akaanza na Mzungu, na sinema, na namna watu wanavyocheka huko ng'ambo. Kagure aliendelea kupanga, akisema "ii, ii" ya kumwonyesha kwamba anasikiliza.

"Hiyo shati haikuwa yako," Nyawira akasema. "Ilikuwa yangu. Nilitoa uzi yangu nikafunga yako."

Mikono ya Kagure ikasimama. Alikuwa ameshika nyanya moja, na hakuiweka wala hakuirudisha.

"Sema tena."

"Nilibadilisha uzi, Kagure. Asubuhi ile. Shati mzuri ilikuwa yako. Ile ya kufungwa ilikuwa yangu."

Kuku walipita. Ng'ambo ya ua mtu alikuwa anapasua kuni. Kagure aliweka nyanya chini, akajipangusa kwenye leso, akainua mikono yake miwili, akaitazama mbele na nyuma kama kitu alichorudishiwa na mwizi.

"Kwa hivyo haikuwa hii mikono."

"Haikuwa."

"Wewe unajua mimi nilifikiria nini?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mwanzo nilijua nimeonewa. Mwaka moja nilijua. Halafu watu wakasema, wakasema, mpaka nikaanza kujiuliza. Nikasema, labda usingizi. Labda mikono yangu inaweza kufanya kitu na kichwa haijui. Niliogopa, Nyawira. Niko na watoto watano na sikuwahi kushona hata kifungo ya mtoto wangu. Nilikuwa napeleka kwa fundi. Bwanangu akiuliza, namwambia macho."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu wafike utu uzima Kagure kumwita kwa jina lake tupu. Nyawira alilisikia likimwingia. Alitaka kusema anaomba msamaha, akasema, na maneno hayo yakawa madogo hivi kwamba yeye mwenyewe aliyaonea haya.

"Hao watu wa kamera wanakuja lini?"

"Kesho. Nilitaka kukuambia kwanza. Halafu kesho nisimame mbele ya Shiku na huyo Mzungu, niseme yote."

"Hapana."

"Kagure..."

"Nimesema hapana. Ati useme yote? Kesho ukisema, jina gani itaandikwa kwa hiyo kitabu? Si ni yako?" Sasa alikuwa amesimama. "Ikiwa ni ya kuchekwa, ni Kagure. Ikiwa tamu, ni Nyawira. Ulinipatia hiyo shati nikiwa msichana, na nimeivaa. Nimeivaa kanisani, nimeivaa sokoni, nimezaa nayo. Leo imekuwa ya maana ndio unakumbuka ni yako?"

"Sitaki hiyo sifa. Nataka tu kutua, dada yangu. Nimechoka."

"Najua unataka kutua," Kagure akasema. "Hiyo si shida yangu."

Kagure akachukua mfuko, akaujaza nyanya, zote za juu, hakuna hata moja yenye alama, akampa. Mgeni haondoki mikono mitupu, awe mgeni wa namna gani. Nyawira aliubeba mfuko huo mpaka Kamakwa na hakuweza kuzipika.

Kesho yake walifika saa nne, yeye na Shiku na Ben na mtu mmoja wa kamera. Kagure alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Viti vilikuwa vimepangwa chini ya ukuta wenye kivuli, na chai iko tayari. Alimsalimu Nyawira kwa mikono yote miwili kama watu waliopendana miaka yote. Shiku alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, maana alikuwa mtoto mwema ambaye hakujua lolote.

Ben akamwonyesha kipande. Kagure alikitazama bila kupepesa. Mfalme alipoanza kutoa amri ndani ya shati, bega la Kagure likatikisika, halafu la pili, halafu akacheka kwa kicheko kikubwa kisicho na uchungu wowote, akaomba kionyeshwe tena. Kilionyeshwa mara tatu.

"Hiyo ni kazi yangu," akasema, akakigusa kioo kwa kidole. "Ona hiyo bega vile imekaa. Ona."

Kisha akaanza kusimulia, na hapo Nyawira akagundua kwamba hakuwahi kumjua Kagure kama msimuliaji. Alieleza baridi ya Kabaru, mkonge ulivyowachuna mapaja, Mama Gathogo na kengele yake. Alieleza jinsi kiondo kinavyoanzia kitakoni na jinsi mkono unavyoweza kumshinda mwenyewe. Alieleza kosa hatua kwa hatua, hata wimbo waliokuwa wakiimba, hata alichokuwa akifikiria alipofunga fundo la kwanza. Yote yalikuwa kweli isipokuwa mtu aliyeyatenda. Ben aliandika mpaka kalamu ikamwishia, Shiku akampa ya kwake.

"Na walikufanyia nini, Mama Kagure," Ben akauliza, "baada ya kosa hilo?"

"Walinicheka. Walinifukuza. Wote." Kagure akanywa chai kidogo. "Isipokuwa moja."

Akageuka, akaweka mkono wake juu ya goti la Nyawira.

"Huyu. Huyu peke yake ndiye alisimama mbele ya hao watu akasema, Kagure hawezi kukosea hivyo. Walimwambia anyamaze, akakataa. Mimi sijawahi kusahau."

Shiku akatafsiri, na sauti yake ikatetemeka katikati. Mtu wa kamera, bila kuambiwa, akaigeuza kamera polepole kumwelekea Nyawira.

"Ni kweli hivyo, Mama Nyawira?" Ben akauliza kwa upole.

Nyawira alimtazama Kagure. Alitafuta usoni pake kama ni msamaha au ni hukumu, na hakupata jibu. Uso ulikuwa mtulivu, wa mama mzee anayeongea na wageni wake. Mkono juu ya goti haukubana. Ulikaa tu. Angepigwa kofi mbele ya wote angeshukuru. Aliona angeweza bado kusema, maneno matatu tu, na aliona pia kwamba maneno hayo si yake tena, kwamba mwenyewe amekataza.

"Ni kweli," akasema.

Ben akatabasamu. Kagure akauondoa mkono, akainuka kuongeza chai. Na Shiku, mwalimu, mama wa watoto wawili, akamwinamia mamake, akamkumbatia shingoni kwa nguvu, akamnong'oneza kwamba hajawahi kujivunia mtu maishani mwake kama anavyojivunia yeye leo.